Sweta Lililokwama Kwenye Shaba

Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Fausta Akonaay alikata uzi wa mwisho wa sweta la kahawia, akafungua daftari lake na kuandika: mgongo, saa kumi na saba na nusu, kifua, saa kumi na nane na dakika hamsini, mikono yote miwili, saa kumi na tisa na dakika arobaini, ukosi na kuunganisha, saa tano na dakika arobaini. Jumla ilikuwa saa sitini na moja na dakika arobaini. Saa nne alizotumia kufumua sweta kuukuu lililotoa uzi huo hakuziandika. Kufumua kwake kulikuwa mapumziko, na mapumziko hayaandikwi.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Daudi, kule juu Mbulu, na fundi umeme mwenye cheti cha chuo cha ufundi. Alipanga chumba Gendabi, chini ya Mlima Hanang, kwa kuwa nyumba nyingi mpya za huko zilikuwa zikiingiziwa umeme. Mchana alipitisha nyaya katika kuta za watu, jioni alifuma. Hakuwahi kuuza alichofuma. Aliyemwuliza sababu alijibiwa kwa sauti ya chini kwamba umeme ni kazi, lakini uzi ni wake mwenyewe.

Uzi wenyewe aliupata mnadani. Wengine walipokimbilia sufuria na viatu, yeye alichuchumaa kwenye turubai la mitumba, akageuza sweta moja moja ndani nje na kukagua mishono ya ubavuni. Lililokatwa na mkasi kisha likashonwa kwa cherehani alilirudisha, kwa maana uzi wake hutoka vipande vipande. Lililofumwa kwa umbo lake alilinunua hata kama lilikuwa na tundu kifuani, kwa maana hilo hufumuka kwa uzi mmoja mrefu kama habari ya mtu mwenye nafasi. Nyumbani aliufua uzi, akauanika ukiwa umening'inizwa jiwe ili unyooke, akauviringisha madonge, na kila donge akalifunga utepe wa umeme: mwekundu kwa sufu halisi, mweusi kwa uzi wa mchanganyiko, kijani kwa uzi unaowasha shingo. Mwaka alioanza alikuwa na kiroba kimoja. Sasa vilikuwa saba: viwili chini ya kitanda, vinne juu ya kabati, na kimoja kwenye kihenge cha mwenye nyumba wake, Mama Oliva, ambaye alikuwa ameanza kulalamika kwamba maharage yake yanaota manyoya.

Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli alizozinoa ncha kwenye jiwe. Kwa sindano hizo alikuwa amemaliza, tangu Pasaka, kazi mbili alizojivunia kimoyomoyo. Ya kwanza ilikuwa sweta la baba yake. Mkono wa kushoto wa mzee huyo uliwahi kuvunjika akiwa kijana na ukaunga kwa kupinda, hivyo kila sweta la dukani lilimfunika vidole upande mmoja. Fausta alimpima mara tatu, akakuta tofauti ya sentimita nne, akafuma mikono isiyolingana. Baba alilivaa, akajitazama kushoto, akajitazama kulia, akasema, "Kumbe muda wote huu kasoro haikuwa kwangu. Ilikuwa kwenye masweta."

Ya pili ilikuwa kofia ya Renatus, fundi mwenzake. Kofia hiyo ilimwangukia machoni, ikafumuliwa, ikafumwa upya, ikamwangukia tena, hadi Fausta alipotambua kwamba Renatus alipimwa akiwa na nywele nyingi na siku ya pili yake akaenda kunyoa. Tangu hapo, katika daftari, kando ya kipimo cha kichwa cha mtu, aliandika pia hali ya nywele zake.

Kwa umakini wote huo, sweta la kahawia alilifuma bila kumpima mtu atakayelivaa.

Lilikuwa la Bibi Gidabuday, jirani wa ng'ambo ya njia, mke wa mzee Gidabuday wa jamii ya Wabarbaig, wafugaji. Fausta ndiye aliyeingiza umeme katika nyumba ya mtoto wao wa kiume, na tangu siku hiyo kibuyu cha maziwa ya mgando kilivuka njia kila baada ya siku mbili na kutua mlangoni kwake. Alijaribu kulipa, akafukuzwa. Basi alikuwa akitafuta njia ya kushukuru, na njia ilijileta yenyewe.

Binti wa mwisho wa Bibi, Monica, aliolewa Daudi na mkulima Mkristo. Miaka tisa ilipita bila mtoto, na Aprili ya mwaka huo akajifungua msichana. Mtoto angebatizwa Jumapili, tarehe 21 Julai. Bibi alikuwa hajamwona. Mwaka uliotangulia, katika majira kama hayo, alipanda Daudi kumtembelea binti yake, na siku ya pili tu alirejea Gendabi akikohoa na kuapa kwamba miguu yake haitakanyaga tena nchi ambayo watu wanaishi ndani ya wingu. Monica alipopiga simu, jibu lilikuwa lile lile: "Nitakuja jua likija." Wote walijua kwamba Daudi, mwezi Julai, jua halina ahadi na mtu. Fausta, aliyezaliwa ndani ya wingu hilo, aliamua kwamba Bibi atakwenda, na atakwenda amevaa sweta.

Ila aliona haya kumpima. Bibi alikuwa mzee, alijitanda shuka muda wote, na hakuwa wa ukoo wake. Kumwomba afunue mikono ili ashikwe na utepe wa kupimia kulimshinda. Katika daftari lake kulikuwa na vipimo vya bibi yake mwenyewe wa Daudi. Wote wawili wazee, alijiambia, wote wawili wembamba. Akachukua vipimo vya huyo akamfumia yule.

Asubuhi ya Jumanne alivuka njia akiwa na sweta ndani ya mfuko safi, na begi la kazi begani.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mzee Gidabuday, aliyeketi kwenye kigoda akiota jua, alinyoosha shingo. "Mmbulu ameleta nini leo? Bili ya umeme?"

"Ni sweta la Bibi, Mzee. La kwenda nalo Daudi."

Marieta, mke wa mtoto wao, aliacha kufagia akaja kulipapasa. "Lo! Ninyi watu wa juu mnajua kujifunika. Bado kidogo mfunike na masikio ya mbuzi. Mama, vaa tuone."

Bibi alilipitisha kichwani, likashuka vizuri. Mabega yalikaa. Akaingiza mkono wa kushoto, akasukuma, na hapo sweta likasimama.

Kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, mikono yote miwili ya Bibi Gidabuday ilikuwa imezungushiwa shaba ya njano, mzunguko juu ya mzunguko, minene kama kidole. Fausta aliiona kila siku. Aliisikia ikigongana Bibi alipommiminia maziwa. Tena, siku ya kuwasha umeme katika nyumba ya kijana, alimwonya kwa adabu zote: "Bibi, tafadhali, usisogeze hiyo shaba karibu na waya." Kwa umeme aliiona, kwa uzi hakuiona hata kidogo. Kwenye kiganja cha sweta alikuwa amefuma pindo la kubana, la mzingo wa sentimita kumi na nane, kama inavyompasa mtu wa Daudi anayezuia upepo.

"Sukuma, Mama," alisema Marieta.

Bibi akasukuma. Pindo lilipanda juu ya mizunguko mitatu, kisha ncha ya shaba ikanasa vitanzi, na kuanzia hapo mkono haukwenda mbele wala haukurudi nyuma. Marieta alileta samli, akapaka. Samli ilipenya uzi, shaba ikang'aa, mkono ukabaki palepale. Mzee alicheka hadi akashika mbavu.

"Mke wangu amekamatwa na Mmbulu! Miaka yote hii sisi na wao tunaibiana ng'ombe, leo wameamua kuchukua mtu."

"Cheka, cheka," alisema Bibi. "Ukimaliza uje unitoe."

Marieta alitazama begi la Fausta. "Fundi, si una koleo humo? Hebu tanua hii shaba kidogo, tuitoe, kisha—"

Mzee aliacha kucheka. Hakupaza sauti. "Shaba hiyo niliinunua mimi kwa ndama jike, siku nilipomwoa. Katika nyumba hii itatoka nitakapoondoka mimi. Mimi bado nimekaa hapa, mnaniona."

Marieta alirudi nyuma hatua moja na kuinamisha macho. Na Bibi, akiwa ameinua mkono mmoja uliokwama kama mtu anayeomba kuulizwa swali darasani, alisema maneno ambayo Fausta hakuweza kuyavumilia.

"Basi yaishe. Mtoto nitamwona akikua, akija mwenyewe kwa miguu yake. Daudi haikunialika, alinialika Monica tu."

Fausta alikagua pindo. Mkono wa sweta ulioanziwa kiganjani haufumuki kutokea kiganjani. Kila mfumaji anajua. Ungepaswa kufumuliwa kutoka begani, na hapo begani Bibi alikuwa amelivaa. Ilibaki njia moja, na katika miaka yake yote ya kufuma hakuwahi kuitumia, kwa kuwa uzi uliofumuliwa huzaliwa upya, lakini uliokatwa ndio basi. Alitoa mkasi begini.

"Nisamehe, Bibi. Naomba mkono."

Ndipo, kwa mara ya kwanza, alimshika. Alikata kutoka kiganjani hadi kiwikoni, polepole, mkono wa kushoto, kisha akaukata na wa kulia ambao haukuwa umevaliwa, ili isemekane kwamba yote miwili ilikuwa na kosa moja. Vitanzi viliachiana. Hakuna aliyecheka.

"Ikate iwe mifupi basi," Marieta alisema, akijaribu kutengeneza mambo. "Iishie kwenye kiwiko. Itapendeza."

Fausta alikuwa karibu kukubali. Lakini kiganja chake kilikuwa bado kimeishika shaba, na asubuhi ile ya Julai shaba ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kuuliza si ujinga. Yeye alikuwa ameacha kuuliza kwa muda mrefu mno.

"Bibi, ulipokuwa Daudi mwaka jana, baridi ilikuumizia wapi?"

Bibi alimtazama kana kwamba alikuwa akilingojea swali hilo mwaka mzima. "Hapa," alisema, akagonga shaba. "Kifua kilifuata baadaye. Usiku shaba inakunywa baridi, asubuhi inanipa mimi. Monica alinipa mablanketi matatu. Blanketi halishiki mkono, mkono unatoka."

Kwa hiyo mikono mifupi isingefaa kitu. Palepale Fausta alifungua daftari, akatoa utepe wa kupimia, akapima juu ya shaba: sentimita ishirini na sita kifundoni, ishirini na nane karibu na kiwiko. Alipima mara tatu. Bibi alikaa ametulia, mkono wake juu ya paja la Fausta, akawa anaeleza mzunguko upi uligongwa na pembe ya ng'ombe na upi ulibonyea Monica alipouuma akiota meno.

Mpango ulikuwa huu: kutoka kiwikoni kushuka chini, mkono ungekuwa kipande bapa kilicho wazi upande wa ndani, kikizungushwa juu ya shaba na kufungwa kwa vifungo, tisa kila upande. Hakuna cha kusukuma, hakuna cha kunasa. Tatizo lilikuwa uzi. Uzi wa kahawia ulitoka katika sweta moja tu, na kilichobaki kilikuwa donge dogo kama limau.

"Njoo uchague mwenyewe, Bibi," alisema, naye akashangaa kujisikia. Chumba chake hakikuwahi kuingia mtu isipokuwa Mama Oliva, na huyo aliingia kulalamika tu.

Bibi alivuka njia jioni hiyo hiyo. Fausta alishusha viroba kutoka juu ya kabati, akavivuta vingine kutoka chini ya kitanda, akavifungua. Bibi alisimama mlangoni akavitazama kwa muda, jinsi mfugaji anavyotazama kundi la mtu mwingine kisimani.

"Hawa wote wako?"

"Wangu, Bibi."

"Kundi kubwa. Na unakamua yupi?"

Fausta alicheka hadi akajiziba mdomo. "Nakamua mmoja mmoja. Wengi bado hawajazaa."

"Mh. Mama Oliva ananiambia wengine wanalisha kwake." Bibi aliketi kitandani, akachukua donge moja la kijivu. "Huyu umemtoa wapi?"

"Huyo alikuwa koti refu. Mnada wa Machi, mwaka juzi. Lilikuwa limetoboka kwapani."

"Na huyu?"

"Kofia na skafu, vya mtu mmoja. Nilivikuta mafungu mawili tofauti nikavikutanisha."

Bibi aliuliza donge moja baada ya jingine, na hakuna ambalo Fausta alishindwa kueleza asili yake, mwezi aliolipata na kasoro ambayo lilikuja nayo. Hakuwa amewahi kuzungumza kwa muda mrefu hivyo na mtu yeyote wa Gendabi. Mwishowe Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unawajua. Mtu anayewajua si mchoyo, ni mfugaji. Nilidhani ni mchoyo."

Kisha akaingiza mkono ndani kabisa ya kiroba cha mwisho na kutoa donge jekundu, jekundu la udongo wa mlimani baada ya mvua, laini, lenye utepe mwekundu wa sufu halisi. Yalikuwa madonge manne tu ya aina hiyo. Fausta alikuwa ameyatunza miaka mitatu kwa ajili ya sweta lake mwenyewe, ambalo kila mwaka aliliahirisha kwa kuogopa kuliharibu.

"Huyu," alisema Bibi.

Fausta alifungua utepe wa donge hilo. "Huyo ni mzuri sana, Bibi. Chukua."

Alifuma kila jioni kuanzia saa kumi na moja, na mchana wakati mafundi wenzake walipokula. Siku ya tatu alivuka njia ili kujaribisha kipande. Siku ya tano akavuka tena, na tena, hata pale ambapo hapakuwa na cha kujaribisha. Vifungo vilimpa shida, kwa kuwa katika kopo lake hakukuwa na hata vinne vinavyofanana. Alhamisi, mzee Gidabuday alimwita.

"Mmbulu, njoo na ile mashine yako ya kutoboa kuta."

Alikuwa amekata pembe ya ng'ombe vipande vidogo kumi na vinane, akavisugua kwenye mawe hadi vikawa laini kama maharage. Fausta alichagua msumari mwembamba kuliko yote wa drili, akatoboa kila kimoja matundu mawili. Mzee alivishika kimoja kimoja akavielekeza kwenye jua.

"Huyu ng'ombe alikuwa mkaidi," alisema. "Hapendi kufunguliwa. Atamfaa."

Ijumaa tarehe 19 Julai, saa kumi na moja na robo jioni, Fausta aliandika: mikono ya pili, saa ishirini na tatu na dakika kumi na tano, jumla kuu, saa themanini na nne na dakika hamsini na tano. Bibi alilivaa sweta akiwa ameketi. Kahawia lilishuka hadi kiwikoni, na kutoka hapo jekundu lilizunguka juu ya shaba kwa utulivu. Marieta alifunga vifungo, akahesabu kwa sauti hadi tisa, akahamia upande wa pili. Shaba haikuonekana, ila Bibi alipotikisa mkono ilisikika ndani, mbali kidogo, kama kengele ya ng'ombe aliyeko zizini.

"Nimeshikwa," alisema Bibi. "Safari hii vizuri."

Walisafiri pamoja Jumamosi, Fausta akienda kwao kwa mapumziko ya wiki. Walipanda magari mawili, na kabla ya kufika Daudi ukungu uliwapokea. Bibi aliutazama kupitia dirishani kwa dharau, akavuta shuka juu ya sweta, akasema tu, "Wingu lao bado wanalo." Hakukohoa.

Monica alikuwa amesimama barabarani na mtoto mgongoni. Alimgeuza mtoto mbele na kumweka mikononi mwa mama yake. Jina lake lingekuwa Benedikta. Alikuwa na miezi mitatu, macho makubwa, na hakumjali bibi yake hata kidogo. Alichokiona ni pembe. Vidole vyake vilishika kifungo cha nne cha mkono wa kushoto, vikakivuta, na kisha kikaingia mdomoni.

"Fausta!" aliita Bibi Gidabuday, akicheka huku machozi yakimtoka. "Njoo uone. Huyu amekuja na njaa ya ng'ombe wa babu yake."

"Kimeshonwa kwa uzi wa mara mbili, Bibi," alijibu Fausta. "Hakitatoka leo."

Bibi alikaa Daudi siku kumi na tisa.

Tarehe 20 Julai 2025, sweta lilipovushwa njia kuletwa kwa Fausta ili litengenezwe kabla ya safari nyingine ya Daudi, alihesabu vifungo na kuandika katika daftari: kati ya vifungo kumi na vinane vya pembe vimebaki kumi na kimoja, saba vimeng'olewa na Benedikta.